Msimamizi wa Kamioneti

Mukuka hakuwahi kuwa na gari hata siku moja. Alikuwa na baiskeli nyeusi yenye kengele iliyokwama, na hiyo alikuwa ameilipa hadi faranga ya mwisho. Kwa hiyo siku ile ya mwezi wa tano, Stanislas, karani wa ofisi ya mikopo ya nyumba, alipomwambia kwamba ana deni la kamioneti, Mukuka alicheka kwa sauti.

"Kamioneti gani, mutoto yangu? Miye niko na kinga tu, ile baiskeli iko inje."

"Iko hapa, tata. Kamioneti ya kijani, ya tani moja na nusu. Ilinunuliwa kwa mukopo mwaka ulipita. Sasa ni miezi ine haijalipwa."

"Basi unipatie ufunguo nirudi nayo ku nyumba. Jua ni kali!"

"Utupandishe na shiye, tata!" mtu mmoja akapaza sauti kutoka kwenye foleni, na wote wakacheka.

Stanislas peke yake hakucheka. Aliigeuza karatasi iliyokuwa mbele yake ili Mukuka aisome mwenyewe. Ilikuwa orodha iliyopigwa kwa mashine. Wenye magereji na maduka makubwa ya Élisabethville walikuwa wakiandika majina ya watu wasiolipa mikopo yao, wakatumiana, na nakala moja ililetwa katika ofisi hii. Katikati ya orodha, chini ya jina la mwuza pombe, liliandikwa: *Mukuka, seremala, karakana ya reli.*

Kicheko kikamwisha kinywani.

"Nani aliniweka hapa?"

"Gereji, tata. Miye ninasoma tu. Muntu mwenye iko mu hii orodha hatuwezi kumupatia mukopo wa nyumba. Njo sheria."

"Lakini sikununua gari!"

"Uliweka mukono."

Mukuka alitaka kupiga meza. Alikumbuka kwamba yuko mbele ya watu, akaziweka ngumi zake ndani ya mifuko ya koti. Alikuwa amefanya kazi ya useremala kwenye reli kwa miaka ishirini na miwili. Mwisho wa mwezi wa sita mkataba wake ungekwisha, na siku hiyohiyo angerudisha ufunguo wa nyumba ya kambi ya reli, familia nyingine iingie. Alikuwa amepewa kiwanja katika mtaa wa Katuba, kwa sharti moja: kabla mvua za kwanza hazijanyesha, kuta ziwe zimefika kwenye madirisha. Zisipofika, kiwanja kingepewa mtu mwingine. Saruji, mbao, mabati, hata matofali, vyote vingetoka kwenye mkopo huu. Hakuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Akatoka bila kuaga. Nje, akiwa ameshika usukani wa baiskeli, ndipo alipokumbuka.

Mwaka uliopita, Jumamosi moja, Gérard Chanda alikuja kwake na habari njema. Gérard alikuwa kijana wa kwaya ya parokia. Alipofunga ndoa na Victorine, Mukuka na mke wake Albertine ndio waliowasimamia mbele ya altare. Tangu siku hiyo Gérard alimwita yaya, yaani kaka mkubwa, na alikuja kula kwake bila kualikwa. Siku hiyo alisema anataka kununua kamioneti ya kubeba samaki kutoka Kasenga.

"Bazungu banakubali, yaya. Kintu kimoja tu banaomba: musimamizi."

"Musimamizi wa gari?"

"Ndiyo. Sawa vile ulinisimamia ku ndoa."

Mukuka aliona jambo hilo ni zuri. Kumbe hata wazungu wa magereji wanajua kwamba mtu hafai kuanza kitu kikubwa peke yake! Siku ya kuweka mikono alivaa suti ileile ya ndoa ya Gérard, Albertine akavaa kitenge chake cha sikukuu na viatu vyenye kisigino, wakaenda gereji kwa mguu ili suti isichafuliwe na mnyororo wa baiskeli. Wafanyakazi wa gereji waliwatazama wakacheka. Mukuka alidhani wanafurahi pamoja nao. Aliweka mkono juu ya boneti ya kamioneti, akaomba Mungu ailinde njiani.

Kisha akapewa karatasi na kalamu. Aliambiwa aandike kwa mkono wake mwenyewe maneno manne: *Bon pour caution solidaire.* Alikuwa amejifunza kuandika ukubwani, jioni baada ya kazi, katika darasa la padri, na herufi zake zilikuwa nzuri. *Bon* alilijua, na *pour* alilijua. *Solidaire* padri alikuwa amewafundisha, kwamba ni watu kushikamana. Neno *caution* ndilo hakulijua.

"Hii ni nini?" alimwuliza Gérard.

"Njo vile bazungu banaitaka musimamizi."

Basi akaandika polepole, akaamini kwamba anaandika ushuhuda: huyu kijana ni mwema, tumeshikamana naye, mimi ni msimamizi wake.

* * *

Mwenye gereji alikuwa mzungu mnene, mwenye penseli nyuma ya sikio. Hakumficha kitu. Alifungua kabati, akatoa karatasi, akaiweka mezani, na Mukuka akayaona maandishi yake mwenyewe, mazuri, yamenyooka kama mbao zilizopigwa randa.

"Caution, njo weye," mzungu akasema kwa Kiswahili chake cha kuamuru. "Yeye analipa, muzuri. Yeye halipi, weye unalipa. Yote."

"Nani aliniambia ile, Bwana?"

"Karatasi ilikuambia."

"Karatasi ilisema Kifaransa!"

"Na weye uliandika Kifaransa."

Mafundi wawili waliokuwa chini ya lori wakanyamaza ili wasikie vizuri. Mukuka alihisi damu ikimpanda kichwani. Mzungu yule hakuwa amesema uongo hata neno moja, na hilo ndilo lililomkera zaidi. Siku ile alikuwa ameketi palepale, mbele ya mwanamume aliyevaa suti ya ndoa na mwanamke aliyevaa viatu vya kisigino, akamwona mwanamume huyo akiombea gari, akajua kabisa kwamba hawajaelewa, akanyamaza na kumpa kalamu.

"Nifanye nini ili jina yangu itoke?"

"Lete kamioneti. Bado inafaa, nitaiuza, deni karibu yote itaisha. Kidogo yenye itabakia, Gérard atalipa. Kisha naandika barua, weye unatoka. Kamioneti haiko hapa, barua haiko."

Kutoka gereji hadi siti ya Kenya, mtaa wa mji huohuo alikokaa Gérard, Mukuka alikanyaga pedali kama mtu anayeua nyoka.

Gérard alikuwa uani, amevua shati, anapaka rangi mbao za ubavu wa kamioneti. Alikuwa ameandika juu yake kwa herufi nyeupe: MUNGU ANAJUA.

"Yaya! Karibu. Victorine, leta kiti!"

"Sikukuja kuikala. Miezi ine, Gérard."

Gérard aliweka brashi juu ya kopo. "Ah. Balikuambia."

"Njo yote uko nayo ya kusema? Balikuambia?"

"Yaya, barabara ya Kasenga inavunja gari. Resori zilivunjika mara mbili. Nililipa fundi kwanza, juu gari isipotembea, samaki haiko, na falanga haiko. Nilisema bazungu banaweza kungoja kidogo."

"Nani alikuambia banangoja?"

"Banangoja juu weye uko. Weye ni muntu wa reli, jina yako ni muzuri. Bakiona jina yako, banatulia."

Alilisema hilo kama mtu anayemsifu mwenzake. Mukuka alimkaribia.

"Jina yangu iko mu orodha ya benye kukataa kulipa. Banaipitisha mu ofisi zote. Leo banalicheka mu foleni. Mukopo wa nyumba balininyima. Unasikia? Mwezi wa sita natoka mu kambi na bibi na batoto, na kiwanja itaenda."

"Sikujua itafika kule, yaya. Kwa Mungu."

"Usimutaje Mungu, ulimwandika ku mbao tayari. Ulikuwa karani miaka tatu mbele ya kuingia mu biashara. Ile neno, caution. Ulilijua?"

Gérard alitazama brashi yake.

"Nakuuliza. Ulilijua?"

"Nililijua, yaya."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Ungekataa."

Mkono wa Mukuka ulipanda wenyewe. Ulikuwa mkono wa seremala, mpana, wenye kovu la msumeno. Victorine alikuwa mlangoni, ameshika kiti alichoambiwa alete, hajui akiweke wapi. Mukuka alimwona. Aliushusha mkono, akalipiga teke kopo la rangi, nayo rangi nyeupe ikamwagika chini kama uji.

"Lete gari gereji," alisema.

"Hapana, yaya. Gari njo tumbo ya batoto yangu."

"Na batoto yangu bako na tumbo gani?"

Gérard aliinama, akalisimamisha kopo lililoanguka. Mukuka akaondoka.

* * *

Jumapili hiyo alienda Misa kama kawaida, akapiga magoti mahali pake pa kawaida, lakini kila alipofika penye maneno ya kusamehe, ulimi wake ulisimama. Alijaribu mara tatu. Mbele yake, kwenye benchi za kwaya, Gérard alikuwa akiimba sauti ya tatu, mdomo wazi, macho yamefumbwa, kama malaika. Mukuka alimwomba Mungu amwondolee hasira. Halafu akaona anasema uongo, kwa sababu hakutaka iondolewe. Akaomba upya: *Bwana, iache, lakini ushike mikono yangu.*

Nyumbani hakula. Albertine alimtazama akisukuma sahani, mpaka uvumilivu ukamwisha.

"Baba Bijou, niulize kintu kimoja. Weye ni musimamizi wa Gérard ao hauko?"

"Usinitajie ile neno."

"Naitaja. Ndoa ya bantu ikiharibika, musimamizi anafanyaka nini?"

Mukuka alijua. Kila mtu wa parokia alijua. Msimamizi huenda kwa wenye ndoa, huketi ndani ya nyumba yao, hali chakula chao, hanywi maji yao, wala haondoki mpaka mume atoe neno la kweli. Hafukuzwi. Hata baba mzazi hana ruhusa ya kumfukuza.

"Ile ni ya ndoa," alisema.

"Bazungu balichukua ile neno, Gérard naye akaichukua, kila muntu anaitumikisha vile anapenda. Shiye peke njo tunaiogopa?" Albertine alisimama, akaanza kukusanya vyombo kwa kelele. "Simamia!"

Jumanne alfajiri Mukuka alimwomba kapita wake, mkubwa wake wa kazi, ruhusa ya siku moja. Jua lilipotoka, yeye na Albertine walikuwa tayari wamesimama kando ya soko la Kenya, naye Albertine amevaa kitenge cha sikukuu.

Kamioneti ilifika ikitiririsha maji. Samaki wa Kasenga walikuwa nyuma, wamefungiwa chini ya magunia mabichi na vipande vya barafu vilivyokuwa vikiyeyuka, na mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa mnyororo na kufuli. Wanawake wauzaji waliizunguka na mabeseni yao. Gérard aliruka chini ili awapange, akauacha ufunguo mahali pake kama alivyofanya kila siku, pamoja na ule wa kufuli kwenye pete moja.

Mukuka aliingia upande wa dereva. Albertine akaingia upande wa pili na kufunga mlango. Mukuka alichomoa ufunguo, akauweka mfukoni, akatoa rozari, akaanza kusali kwa sauti.

"Yaya! Unafanya nini?"

"Musimamizi anaikala," Mukuka akajibu, akaendelea kusali.

"Samaki iko naharibika!"

"Uiombee pamoja na shiye," Albertine akasema dirishani.

Wanawake walianza kupiga kelele. Kwanza walimtukana Mukuka. Tata gani huyu, amelewa asubuhi? Mmoja alipiga mlango kwa beseni. Mukuka alifikia fumbo la pili la rozari, jasho likimtoka, asimtazame mtu. Aliona aibu kali, na hasira yake ilikuwa kubwa kuliko aibu.

Albertine ndiye aliyewaeleza. Alitoa kichwa dirishani akasema yote, tangu suti ya ndoa hadi orodha ya wasiolipa. Alisema jinsi mume wake alivyoliombea gari hili, ambalo sasa linamtoa nyumbani. Mwanamke mmoja mkubwa kwa umbo, mwenye jina la Kiluba, Mujinga, aliyeuza samaki pale tangu soko lilipojengwa, alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Gérard.

"Ni kweli?"

"Mama Mujinga, mambo ya mukopo ni nguvu kueleza..."

"Nauliza ni kweli ao ni bongo?"

"Ni kweli."

"Ulioa kamioneti, na mahari unaachia musimamizi alipe!"

Soko zima lilicheka, na kicheko hicho kilimfanya Gérard awe mdogo. Wanawake sasa walimtukana yeye, kwa Kiswahili, kwa Kibemba na kwa Kiluba. Barafu ilizidi kuyeyuka na harufu ikaanza kupanda. Gérard alizunguka gari mara mbili, akashika kichwa, akaja dirishani.

"Yaya, fungua. Samaki ni ya hawa bamama, balilipa tayari. Fungua, nitaenda gereji."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Mukuka aliona kwamba wanawake wale hawakumkosea kitu. Alitenga ufunguo wa kufuli, akaupitisha dirishani, ule wa gari akaubakiza mfukoni. Samaki wakashushwa. Mukuka alisogea katikati, akaurudisha ufunguo mahali pake pale tu Gérard alipoketi kati yake na mlango, na wote watatu wakaenda gereji wamebanana. Maji ya samaki yaliendelea kudondoka nyuma yao barabarani.

Mzungu alizunguka kamioneti, akapiga magurudumu teke, akaandika. Kisha alimsukumia Mukuka karatasi mpya.

"Signez. Weka mukono hapa."

Mukuka aliketi. Alitoa mfukoni kamusi ndogo aliyoazima kwa padri, akailamba ncha ya kidole, akaanza kutafuta neno la kwanza.

"Haraka, tata. Niko na kazi."

"Ile siku nilienda haraka, Bwana."

Alisoma kila neno. Lilipokuja asilolijua alilitafuta, akaliandika pembeni kwa penseli aliyoomba kwa mzungu huyohuyo, ile ya nyuma ya sikio. Mafundi walipita mara kwa mara wakichungulia. Alipofika mwisho alirudi mwanzo. Ndipo akaweka jina lake.

* * *

Stanislas aliipokea barua ya gereji kwa mikono miwili, akaifurahia kwa dhati, halafu uso wake ukabadilika.

"Tata, barua ni muzuri. Lakini orodha mupya itakuja mu mwezi wa kumi. Mbele ya pale siwezi kuandika mukopo."

"Deni iliisha!"

"Deni iliisha, tata. Jina bado."

"Mwezi wa kumi mvua inanyesha. Kiwanja batakuwa balishaikamata!"

"Njo maana nakuambia tata, kuta zifike ku madirisha tu. Zikifika, kiwanja inabakia yako, na mukopo wa paa utaupata nyuma. Matofali uchome weye mwenyewe."

Mukuka alitazama orodha ileile juu ya meza. Alikuwa amerudisha gari ambalo hakulinunua, amelipiwa deni ambalo hakulila, na bado karatasi ile ilimwita mwizi hadi mwezi wa kumi. Hakukuwa na mtu wa kumpiga. Alimshukuru kijana yule, akatoka.

Mwisho wa mwezi wa sita walikabidhi nyumba ya kambi, wakapanga chumba kimoja Katuba, yeye, Albertine na watoto watano. Kila asubuhi Mukuka alikuwa kiwanjani. Upepo wa kiangazi ulipuliza vumbi jekundu, baridi ikamkata vidole. Alijua mbao, hakujua udongo. Matofali yake ya kwanza yalipasuka yote. Ya pili yalipasuka nusu. Alipiga hesabu ya wiki zilizobaki, akaona peke yake hatafika kwenye madirisha. Alimwambia Mungu hivyo, waziwazi, bila kupamba.

Alimwambia padri pia, katika kitubio. Padri alimwuliza kama amemsamehe Gérard.

"Nilimusamehe jana, padri. Leo asubuhi nilipoamuka nilikuta haikubakia."

"Basi umusamehe tena leo."

"Leo pia, ndiyo. Lakini sitaki kumuona."

Wiki ya pili ya mwezi wa saba, Gérard alikuja. Hakuwa na gari, hakuwa na shati jipya. Alikuwa anafanya kazi ya kupakua mizigo stesheni, nusu ya siku, ili alipe kile kidogo kilichobaki gereji. Alisimama pembeni mwa shimo la udongo, suruali ameikunja hadi magotini. Alikuwa mtoto wa kijiji cha wafyatua matofali, na Mukuka alilijua hilo.

"Yaya, hii udongo inahitaji muchanga. Njo maana inapasuka."

Mukuka hakumtazama. Aliendelea kusawazisha kibao chake cha kufyatulia.

"Niko na mangaribi yote, mpaka mvua," Gérard akasema. "Sikukuja kuomba kintu."

Albertine, aliyekuwa anateka maji, alisimama na ndoo mkononi akamtazama mume wake. Mukuka aliihisi hasira yake kifuani, nzima, haijapungua. Alitazama safu za matofali yaliyopasuka, kisha kamba aliyoivuta kuonyesha madirisha yatakapokuwa, juu sana, hewani tupu.

Gérard akaingia shimoni. Alimwaga mchanga, akaanza kukanyaga, matope yakinyonya miguu yake.

"Yaya, utasema na miye siku gani?"

"Maji iko inakauka," Mukuka akasema. "Kanyaga."